Hina na Piko: Historia ya Majina Mawili ya Rangi za Mwili katika Pwani ya Afrika Mashariki

Katika miji ya pwani ya Afrika Mashariki, tangu Lamu mpaka Kilwa, na katika visiwa vya Unguja, Pemba na Ngazija, matayarisho ya harusi hayahesabiwi kuwa yametimia mpaka bibi arusi awe amekwisha kutiwa hina. Jambo hili ni la kawaida mno hata wengi hawalifikirii kuwa lina historia. Lakini historia ipo, na sehemu yake kubwa imehifadhiwa ndani ya maneno yenyewe: katika jina la mti, katika jina la rangi, na katika vitendo vitumiwavyo kueleza kazi ya kuipamba mikono na miguu.

Maneno hayo yastahili kuchunguzwa kwa sababu mbili. Ya kwanza ni ile ya kawaida ya wanafunzi wa lugha, kwamba neno lililoazimwa ni ushahidi wa safari, biashara na dini. Ya pili ni nzito zaidi. Katika miaka ya karibuni limeenea jina la "hina nyeusi", nalo limefunika kitu kisichokuwa na udugu na hina hata kidogo. Watu wameumia ngozi zao kwa kulisadiki jina hilo. Makala hii yakusudia kuonyesha ya kwamba hina na piko ni vitu mbali mbali kwa asili, kwa kazi na kwa hatari. Kwamba Kiswahili kilivitenga kwa majina mawili yaliyo wazi. Na kwamba kuyachanganya majina hayo si kosa la usemi peke yake.

MTI NA JINA LAKE

Mti utoao hina huitwa mhina. Ni mti mdogo, wenye kimo cha mita 2 hadi 6, majani yake ni madogo na hukaa mawili mawili yakikabiliana katika kijiti, na maua yake ni madogo, meupe au ya manjano hafifu, yenye harufu nzuri. Hupenda nchi ya joto na ukame. Makao yake ya asili ni Afrika ya Kaskazini, Asia ya Magharibi na Bara Hindi, na leo hulimwa kwa wingi Sudan, Yemen, Pakistan na Rajasthan.

Mwaka 1753 Linnaeus aliuita mti huu Lawsonia, kwa heshima ya Isaac Lawson, daktari wa Uskoti aliyekuwa rafiki yake na aliyemsaidia kwa fedha kuchapisha kitabu chake cha 1735. Hapo yapo mafunzo madogo juu ya hatari ya majina. Linnaeus aliandika aina mbili, moja akaiita kwa neno la Kilatini lenye maana ya "isiyo na miiba" na nyingine kwa neno lenye maana ya "yenye miiba". Baadaye wataalamu wa mimea walitambua kwamba mti ni mmoja: ukiwa mchanga hauna miiba, ukizeeka huota miiba. Majina mawili yalikuwa yamepewa kitu kimoja. Katika habari ya hina nyeusi kosa limekwenda kinyume chake, kwa maana jina moja limepewa vitu viwili.

Matumizi ya mti huu ni ya kale sana. Nywele na kucha za baadhi ya maiti zilizohifadhiwa katika Misri ya kale zilitiwa rangi yake. Wayunani waliuita kypros, na waandishi wa karne ya 1, Dioscorides na Pliny, waliutaja katika vitabu vyao vya dawa na mimea. Waarabu waliuita ḥinnāʾ, na kutoka kwao jina likasambaa pande zote za mipaka yao.

Kulinganisha njia zilizopitwa na jina hili kwaleta faida. Wahispania walilichukua pamoja na kitangulizi cha Kiarabu, wakasema alheña. Waswahili walilichukua bila ya kitangulizi, wakasema hina. Kiswahili kina maneno yaliyobaki na kitangulizi hicho, kama vile Alhamisi, alasiri na alfajiri, lakini hayo ni majina ya nyakati. Majina ya vitu vya sokoni na nyumbani kwa kawaida yaliingia wazi. Sauti zake nazo zilitengenezwa kwa kanuni ijulikanayo: ḥ ya Kiarabu ikawa h ya kawaida, kama katika haki, hesabu na huruma, n mbili zikawa moja, irabu ndefu ya mwisho ikafupishwa, na sauti ya kooni inayoifuata ikaanguka, kama ilivyokuwa katika dua.

Kisha Kiswahili kikafanya kazi yake chenyewe. Kwa kuongeza kiambishi cha ngeli ya miti kikapata mhina, wingi wake mihina, kama kilivyopata mlimau kutoka limau, mkarafuu kutoka karafuu na mrehani kutoka rehani. Kwa njia hii lugha yatenga mti na zao lake kwa sauti moja tu. Mtu asemaye "hina" hazungumzii mti, bali unga wa majani yake, au rojo la unga huo, au alama iliyobaki ngozini. Maana hizi tatu zote zafungwa na mti mmoja. Nguvu ya neno ni hapo: hina ni kile kitokacho katika mhina.

Majirani wa Waswahili hawakufuata njia moja. Wasomali wa kaskazini husema cillaan, ambalo si jina la Kiarabu. Wahausa husema lalle. Katika Ethiopia wanawake walitia rangi vitanga na nyayo kwa mzizi wa mmea mwingine kabisa, uitwao ensosela. Watu wa Bara Hindi husema mehndi, neno lenye asili ya Kisanskriti. Yafaa kukumbukwa kwamba Wahindi wamekaa katika miji ya pwani kwa karne nyingi, na mitindo yao ya kuchora imeingia sana, lakini jina lao halikulisukuma jina la hina. Kwa hiyo ni dhahiri kwamba wakati sanaa ya Kihindi ilipopata nguvu, kitu chenyewe kilikuwa na jina lililokwisha kukaa.

HINA KATIKA MAISHA YA PWANI

Askofu Edward Steere, katika kitabu chake cha Kiswahili cha Unguja kilichotoka mwaka 1870, aliingiza hina katika orodha ya maneno. Alieleza kuwa ni rangi nyekundu ipendwayo sana, ambayo wanawake hujitia katika vitanga vya mikono na kucha, na kwamba mara nyingi punda weupe hutiwa rangi hiyo wakawa wekundu wa maji ya kahawia. Habari ya punda yaweza kumchekesha msomaji wa leo, lakini ina maana yake. Punda weupe wa Maskati walikuwa fahari ya watu wenye mali wa Unguja, nao walipambwa kama vipambwavyo vitu vya thamani. Tena yaonyesha kwamba kwa Steere na kwa wale waliomfundisha, hina ilikuwa rangi moja, nayo ni nyekundu.

Ushahidi mwingine ni wa Sayyida Salme binti Said, aliyezaliwa Unguja mwaka 1844 na ambaye kumbukumbu zake zilichapishwa kwa Kijerumani mwaka 1886. Katika maelezo yake ya maisha ya jumba la Sultani, hina ni sehemu ya matayarisho ya sikukuu, kazi ya usiku inayotaka subira ya mwenye kupambwa na ustadi wa wale wanaompamba. Msomaji wa leo atatambua mara moja kwamba kazi hiyo haikubadilika sana.

Majani huchumwa, huanikwa kivulini ili yasipoteze nguvu, hutwangwa katika kinu, na unga wake huchungwa kwa kitambaa chepesi. Unga hukandwa kwa maji ya ndimu, au kwa chai ya rangi, mpaka uwe rojo zito, kisha huachwa kwa saa kadhaa. Hapo ndipo hupakwa, mkono au mguu ukafungwa, na mtu akalala nao. Asubuhi rojo lililokauka hupurwa, haliharakishwi kuoshwa kwa maji, na ngozi hupakwa mafuta. Rangi ya kwanza ni ya chungwa. Baada ya siku moja au mbili hukolea ikawa nyekundu ya kahawia, na katika vitanga na nyayo, ambapo ngozi ni nene, yaweza kufikia ile rangi ambayo Waswahili huiita damu ya mzee.

Elimu ya kemia imeeleza kwa nini mambo ni hivyo. Ndani ya jani mna kitu kiitwacho losoni, kwa kadiri ya sehemu 1 au 2 katika 100 za jani kavu. Katika jani zima hakiko huru, bali kimefungamana na sukari. Kutwanga hupasua jani, na uchachu wa ndimu hukifungua. Losoni iliyo huru huingia katika tabaka la juu la ngozi na kushikamana na keratini, ambayo ndiyo protini ya ngozi, kucha na nywele. Ndiyo sababu hina haifutiki kwa sabuni: huondoka pale tu ngozi ya juu inapochakaa na kubanduka, baada ya wiki moja mpaka tatu. Wanawake wa pwani hawakujua jina la losoni, lakini kila hatua ya kazi yao, tangu kivuli mpaka ndimu, ilikuwa sahihi.

Tabia hiyo ya kuingia ngozini bila ya kuacha gamba juu yake ilikuwa na maana katika dini. Mwenye hina hutawadha, na maji humfikia ngozini. Tena hina si chanjo. Sheria ya Kiislamu yakataza kuchanja ngozi na kutia rangi ya kudumu, lakini yaruhusu wanawake kujipamba kwa rangi ipitayo. Hivyo katika miji ya Waislamu chale na nembo zilipungua heshima, na hina ikashika nafasi ya pambo la mwili. Wanaume hawakutakiwa kujitia hina mikononi na miguuni ila kwa dawa, kama vile nyayo zilizopasuka, lakini wazee walitia ndevu zao, na desturi hiyo ina sifa katika mapokeo ya Mtume.

Hina ilikuwa pia ni lugha ya hali ya mtu. Ilimtangaza bibi arusi, na katika miji mingi michoro mikubwa ya mikono na miguu ilihesabiwa kuwa haki ya mwanamke aliyeolewa. Mjane aliye katika eda, ambayo ni miezi 4 na siku 10, hajitii hina, wala wanja, wala manukato. Mkono mtupu nao basi ulikuwa ni maneno. Waliosimamia mambo haya walikuwa wanawake wenyewe, hasa somo au kungwi, ambaye pamoja na kumfunza mwari mambo ya ndoa alijua singo, liwa, dalia, udi na hina, na kila kimoja na wakati wake.

KUTIA, KUPAKA NA KUCHORA

Vitendo vitatu hutumika pamoja na hina, na tofauti zake zafaa kuangaliwa. Kutia ndicho kitendo cha jumla: mtu hutia hina kama atiavyo rangi katika nguo au wanja katika macho. Kupaka hutaja namna ya kazi, yaani kueneza rojo juu ya ngozi. Vitendo hivi viwili vyafaa kabisa kwa mtindo wa kizamani, ambao ulikuwa ni kufunika: ncha za vidole zikawa nyekundu, kitanga kikawa na duara, na wayo wote ukajaa mpaka pembeni kwa mstari mmoja, kama mtu aliyevaa kiatu.

Kuchora ni kitendo kingine. Asili ya maana yake ni kukata alama katika kitu kigumu, kama fundi achoravyo ubao, na kutoka hapo kikaenda kwenye karatasi. Kitendo hiki kilipoanza kuandamana na hina, kilifuatana na mtindo wa mistari myembamba, maua, majani na lile umbo la korosho lijulikanalo katika kanga. Mitindo ya Bara Hindi na ya nchi za Ghuba yaonekana dhahiri humo. Kijiti cha ukuti kikaachia nafasi kifuko kidogo kilichokunjwa kwa umbo la pia, chenye tundu nchani, ambacho hutoa rojo kama uzi.

Mabadiliko haya yalileta haja mpya. Mtindo wa kufunika hauhitaji zaidi ya wekundu uliokolea. Mtindo wa kuchora wataka mstari uonekane. Juu ya ngozi nyeusi, hasa nyuma ya kiganja na juu ya mguu ambapo ngozi ni nyembamba, mstari wa hina huwa hafifu. Mchoraji akatafuta weusi wa kuuzungushia wekundu, ili maua ya hina yapate ukingo. Piko ndiyo iliyojibu haja hiyo.

HABARI YA WEUSI

Weusi haukuwa mgeni katika mapambo ya pwani. Wanja wa manga, ambao jina lake lakumbusha nchi ya Arabuni, ulitiwa machoni. Nao ni madini, si mmea. Kwa nywele, Waarabu walijua kuchanganya hina na katam, mmea wa kutilia rangi nyeusi, na tena walitumia majani ya mnili: nywele zilizotiwa hina kwanza na nili baadaye huwa nyeusi. Lakini nili haishiki ngozini kwa wepesi kama hina, kwa maana rangi yake haiyeyuki katika maji mpaka ivundikwe na kugeuzwa. Mimea basi iliwapa watu wekundu wa ngozi kwa ukarimu, na weusi wa ngozi kwa shida.

Mwishoni mwa karne ya 19 viwanda vya Ulaya, vilivyokuwa vikitengeneza rangi za kila namna kutokana na lami ya makaa ya mawe, vilianza kutumia kitu kiitwacho parafenilinidiamini katika rangi za nywele na manyoya. Kitu hiki chenyewe si cheusi. Kikikutana na hewa, au na dawa ya maji ya kukichochea, hugeuka na kuwa cheusi ndani ya muda mfupi, na weusi huo hushika kwa nguvu. Kilikuwa rahisi, kilisafirishwa kwa unga katika vikopo na vipakiti vidogo, na kikafika katika maduka ya Sudan, Arabuni, Bara Hindi na Afrika Mashariki kwa ajili ya mvi za wazee.

Kutoka kichwani kikashuka mkononi. Katika usemi wa miji ya pwani, piko ni rangi nyeusi ya kutia nywele, na ni rangi hiyo hiyo ya kuchorea mwilini. Neno lenyewe halikudanganya mtu. Lilikuwa na shina lake, halikudai ujamaa na mhina, na mwanamke aliyesema "nataka hina na piko" alijua kwamba anataka vitu viwili vilivyotoka katika vyombo viwili. Katika mkono mmoja, wekundu ulikuwa hina na ukingo mweusi ulikuwa piko.

Hatari ilikuwa katika piko tangu mwanzo wa matumizi hayo. Parafenilinidiamini huweza kuufanya mwili uikatae. Mara ya kwanza huenda mtu asione lolote. Mwili hujifunza kuichukia, na mara nyingine, baada ya siku chache, ngozi huwasha, huvimba na kutoa malengelenge yafuatayo mistari ya mchoro. Kovu au baka laweza kubaki na umbo lile lile la ua lililochorwa. Tena chuki hiyo ya mwili haiondoki: mtu aliyechorwa akiwa mtoto aweza kuvimba uso na kichwa miaka mingi baadaye atakapotia rangi ya nywele, na huenda asivumilie hata baadhi ya rangi za nguo na dawa fulani za kutia ganzi. Mwaka 2006 chama cha madaktari wa ngozi wa Marekani kishughulikiacho magonjwa ya mgusano kiliitaja parafenilinidiamini kuwa ndiyo kichochezi cha mzio cha mwaka.

Kiasi nacho kina maana kubwa. Sheria ya Umoja wa Ulaya huruhusu kitu hiki katika rangi za nywele kisizidi sehemu 2 katika 100 wakati wa kutumiwa, wala haikiruhusu kupakwa moja kwa moja ngozini. Michoro ya "hina nyeusi" iliyopimwa katika nchi mbali mbali imeonekana mara kwa mara kupita kiasi hicho, na mingine imepita sehemu 15 katika 100. Kuimeza ni balaa zaidi. Mwaka 1992 madaktari wa Khartoum walichapisha taarifa ya watoto waliopata sumu ya mchanganyiko wa hina na parafenilinidiamini, na baadhi ya watoto hao walifariki. Sumu hiyo huvimbisha uso na koo hata pumzi ikazuilika, na huharibu figo.

JINA LA "HINA NYEUSI"

Ilikuwaje basi jina lililokuwa wazi likafunikwa? Sababu mbili zaonekana, moja ya ndani ya lugha na moja ya nje.

Ile ya ndani ni tabia ya sifa za rangi katika Kiswahili. Mashina ya asili ya sifa hizo ni matatu tu: -eupe, -ekundu na -eusi. Rangi nyingine hutajwa kwa mfano wa kitu, kama rangi ya majani, ya chungwa, ya kahawia na ya damu ya mzee. Kwa hiyo -eusi lina eneo pana, nalo hukumbatia kila rangi iliyozama. Hina iliyoshika vizuri katika wayo huweza kusifiwa kwa kuambiwa "imekolea hata imekuwa nyeusi", na hakuna uongo katika sifa hiyo. Kukolea ni neno la chumvi katika mchuzi na la mapenzi katika moyo, nalo lina maana ya kitu kufikia ukamilifu wake. Weusi wa hina ulikuwa basi ni sifa ya ukamilifu, na si jina la aina. Lakini sifa ikizoea kuandamana na jina, sikio huanza kuisikia kama aina. Mtu asikiapo "hina nyeusi" karibu na "hina nyekundu", sarufi humwambia kwamba zote mbili ni hina, zilizotofautiana kwa rangi tu, kama mchele mweupe na mchele mwekundu. Sarufi yamwahidi jambo ambalo kemia hailithibitishi.

Sababu ya nje ni biashara ya watalii. Katika fuo za Unguja, Mombasa na Malindi, na katika fuo za nchi nyingine nyingi, mgeni hutaka mchoro wa haraka, ulio mweusi kama chanjo ya kudumu, na ambao utatoka baada ya siku chache. Hana usiku mzima wa kulala na mikono iliyofungwa. Amesikia kwamba hina ni mmea usiodhuru, na akitajiwa hina moyo wake hutulia. Akiambiwa piko atauliza ni kitu gani. Katika soko la namna hiyo jina la hina lina thamani ya fedha, kwa maana hubeba sifa njema ya karne nyingi na kuikopesha unga wa kopo. Wala mchoraji si mdanganyifu kila mara. Wengi wao hununua vipakiti vilivyokwisha kuandikwa jina hilo na viwanda vya mbali, na mikono yao wenyewe ndiyo ya kwanza kuumia.

Hasara yarudi nyumbani. Jina lililokuzwa kwa ajili ya mgeni hutumika sasa katika harusi na sikukuu, na mama humtolea binti yake wa miaka mitano mkono achorwe "hina nyeusi" kwa Idi, akiamini kwamba ni ile ile aliyotiwa bibi yake. Hapo ndipo jina linapodhuru.

Haifai kusemwa kwamba hina ya kweli haina hadhari yoyote. Watoto wachanga wenye upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, ambao ni hali ya urithi iliyo nyingi katika nchi zenye malaria, pwani ya Afrika Mashariki ikiwamo, wanaweza kuvunjika chembe za damu wakipakwa hina mwili mzima au sehemu kubwa. Lakini kwa watu wazima walio wengi, rojo la majani, maji na ndimu halina madhara. Hatari mbili hizi zatofautiana, na haiwezekani kumwonya mtu juu ya kila moja kama zote mbili zina jina moja.

KAZI YA KAMUSI

Kutokana na hayo yaliyoelezwa, yapo mambo yanayowahusu watunzi wa kamusi na walimu wa lugha. Kamusi iandikapo hina isitosheke kusema kwamba ni rangi ya kujipamba. Yapasa kutaja mhina, kutaja majani, na kutaja kwamba rangi yake ni nyekundu au ya kahawia, kama Steere alivyoitaja mwaka 1870. Kamusi iandikapo piko yapasa kueleza kwamba ni rangi nyeusi ya nywele itumiwayo pia kuchorea mwili, kwamba haitokani na mhina, na kwamba yaweza kudhuru ngozi. Na kama "hina nyeusi" itaingizwa kwa kuwa watu huisema, basi iingizwe kwa kumrudisha msomaji kwenye piko, na si kwenye hina.

Watunzi wa kamusi waweza kuona kwamba onyo la afya si kazi yao. Lakini maana ya neno ni pamoja na mpaka wake, na mpaka wa hina ulikuwa umechorwa vizuri na wanawake walioitumia. Walikuwa na vipimo vyao vya kuijua: hina hunuka majani, hutaka usiku kucha, huanza kwa rangi ya chungwa, na hukolea siku ya pili. Kitu kilicho cheusi ndani ya nusu saa hakikutimiza hata kimoja cha vipimo hivyo. Maarifa hayo yalikuwa yamefungwa katika neno moja lenye silabi mbili, na yalipitishwa kwa mdomo kutoka kwa somo hadi kwa mwari. Neno likilegezwa, maarifa humwagika.

Makungwi wa mjini wamepungua, na mwari wa leo hununua mapambo yake dukani, ambako hakuna wa kumwambia ni kipi cha mti na ni kipi cha kopo. Kilichobaki kumwambia ni lugha. Akiingia dukani na kutaja hina apewe hina, na akitaja piko ajue alichokitaja.